Giza Nalo Lina Haki

Mpiga picha za filamu anayefanya kazi usiku ana swali ambalo mwenzake wa mchana anaweza kulikwepa maisha yake yote: je, nina haki ya kuona kila ninachoweza kukiona? Mchana, jua limekwisha kujibu. Kilicho wazi ki wazi kwa wote, na kamera haioni zaidi ya anavyoona mpita njia. Usiku mambo ni mengine. Kamera za leo zinapenya giza kuliko jicho la binadamu, kwa hiyo aliyeshika kamera ndiye anayeamua nini kitolewe gizani na nini kibaki huko. Anaamua kwa kugeuza pete ya lenzi na kubonyeza kitufe cha ISO, na hakuna anayemwuliza.

Mimi ninaishi Unguja. Ninapiga video za harusi upande wa wanawake, ninapiga maulidi na hitima, na nikipata mdhamini hutengeneza filamu za hali halisi. Karibu kazi zote hizo hufanyika baada ya sala ya Isha, chini ya taa za mirija zilizofungwa kwenye mti, au kwa balbu moja iliyoning'inia mlangoni. Katika kazi hiyo nimefikia imani ninayotaka kuitetea hapa: anayepiga picha gizani ni shahidi, na masharti ya shahidi ndiyo masharti yake. Shahidi haongezi. Shahidi hapunguzi. Shahidi hachungulii. Haya matatu humwongoza mtu katika kuchagua lenzi na vipimo vizuri kuliko kijitabu chochote kinachokuja ndani ya boksi la kamera.

Lakini kwanza tuuseme mwanga wenyewe, maana wengi wanaulaumu mtambo kwa jambo lisilo lake. Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera kwa chembe mojamoja, fotoni, na chembe hizo haziji kwa foleni. Mvua inapoanza kudondoka kwenye ua wa saruji, matone ya kwanza hutua ovyo, hapa mawili, pale hakuna, na sakafu inabaki na madoadoa. Ikikolea, ua wote unalowa sawasawa. Zile chenga tunazoziona kwenye video ya usiku ndivyo zinavyotokea. Kihesabu, sehemu ndogo ya kihisi iliyopokea wastani wa fotoni 100 huyumba kwa kiasi cha 10, yaani asilimia 10. Ikipokea 10,000 huyumba kwa kiasi cha 100, yaani asilimia 1 tu. Mwanga umeongezeka mara mia, uhakika umeongezeka mara kumi. Anayetaka uhakika mara mbili lazima alete mwanga mara nne.

Vijana ninaowafundisha huiogopa ISO kubwa wakidhani ndiyo inayozaa chenga. ISO haizai chenga wala haizai mwanga. Inakuza kile kilichokwisha kuingia, pamoja na shaka yake. Anayeiacha ISO chini, akapata picha nyeusi, kisha akainyanyua kwenye kompyuta, atakutana na chenga zilezile, na mara nyingi zaidi ya zile, kwa sababu amekuza pia makosa ya umeme wa kamera. Ndiyo maana kamera kadhaa za sinema sasa zimepewa ISO mbili za msingi. Sony Venice, iliyotangazwa 2017, ina 500 na 2,500. VariCam 35 ya Panasonic ina 800 na 5,000. Ile ya juu hupunguza makosa ya umeme, na hilo ni jambo la kushukuru. Kuyumba kwa fotoni hakuna kiwanda kitakachokuondoa, kwa sababu ndivyo mwanga ulivyoumbwa.

Hapa ndipo ufundi ulipoanza kunifundisha dini. Mwenye kuona kidogo anaruhusiwa kushuhudia, ila aseme kwa kiwango cha uhakika wake. Chenga ni kukiri kwa picha kwamba mwanga ulikuwa haba. Programu za kusafisha chenga hukisia: hulainisha ngozi, hufuta mikunjo ya uso wa mzee, huchora ukuta ambao kamera haikuuona vizuri. Nikizitumia, nazitumia kwa mkono mwepesi, na nikifika mahali programu inapoanza kubuni, nasimama. Afadhali mtazamaji aone chenga ajue kwamba pale palikuwa na giza.

Sasa sharti la kwanza: shahidi haongezi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kinaamini jambo moja, kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Iache kamera kwenye oto ndani ya ua wenye giza, itafungua lenzi, itapandisha ISO, itahangaika mpaka ua ule ufikie kijivu chake. Saa nne ya usiku itatoka kama magharibi. Mtazamaji atajua nani alikuwepo na amevaa nini, lakini hatajua kwamba ulikuwa usiku, na pengine huo usiku ndio uliokuwa jambo lenyewe.

Nililiona hili waziwazi nilipokwenda baharini na wavuvi wa dagaa. Wao hutoka siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu taa yao huwavuta dagaa pale bahari nzima inapokuwa nyeusi. Mwezi ukiwaka, mwanga umetapakaa kila mahali, na dagaa hawana sababu kubwa ya kukusanyika chini ya chombo kimoja. Zamani zilikuwa karabai. Sasa wengi wanatumia taa za LED za betri. Ningeweza kufungua lenzi mpaka f/1.4 na kupandisha ISO hadi upeo wa bahari ukaonekana, na mawingu, na vyombo vya wenzao kwa mbali. Picha ingependeza sana, nayo ingekuwa ushahidi wa uongo, kwa sababu giza lile ndilo mtaji wao. Basi nilipima mwanga kwenye uso wa nahodha alipoinama juu ya wavu, nikafunga vipimo hapo, na vyote vilivyokuwa nje ya duara la taa nikaviacha viwe vyeusi.

Stanley Kubrick alipotengeneza filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka 1975, yeye na mpiga picha wake John Alcott walitumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7, iliyoundwa kwa ajili ya NASA. Lenzi hiyo huingiza mwanga mara nne ya f/1.4. Mafundi hulisimulia jambo hili kama ushindi wa vioo na chuma. Mimi naiona adabu iliyomo ndani yake. Walitafuta lenzi kubwa namna ile ili mshumaa utoshe, ili watu wa karne ya 18 waonekane kwa mwanga waliokuwa nao enzi zao. Uwezo mkubwa wa kuona ulitumiwa ili giza la chumba kile lisivunjwe kwa taa za umeme. Kwa hiyo swali la lenzi yenye mdomo mpana haliishii kwenye bei yake. Mtu anainunua ili alifukuze giza, au anainunua ili akae nalo?

Sharti la pili: shahidi hapunguzi. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi walizoea kuziita kadi za Shirley. Ngozi iliyokaribiana na yake ilitoka vizuri. Ngozi zetu, hasa jioni na ndani ya nyumba, zilitoka kama kivuli chenye macho na meno. Zana zile zimepita, tabia haijapita. Tazama maulidi ya wanaume: mstari mzima wa kanzu nyeupe, na juu ya kila kanzu uso mweusi. Kanzu hurudisha mwanga mwingi mara kadhaa kuliko uso. Kamera ikiona weupe ule inatahadhari, inawasha mistari yake ya onyo, na ikiwa kwenye oto inapunguza mwanga wote. Kanzu inatoka na nyuzi zake zote, nyuso zinazama. Mashine imeiokoa nguo, imempoteza mtu.

Mimi hupima uso, tena ule mweusi kuliko zote katika fremu. Nikilazimika, naiacha kanzu iungue kidogo. Na pale ninaporuhusiwa kusogeza taa, siongezi ukali wake, naihamishia ubavuni. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga unaoteleza juu yake: kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, ukingoni mwa pua. Mpiga picha Bradford Young alilionyesha hili katika filamu ya Selma ya 2014, na James Laxton katika Moonlight ya 2016, ambamo ngozi za waigizaji ziliachwa zing'are badala ya kupakwa poda ya kufifisha. Mama zetu wanaotupaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda harusini walilijua hilo tangu zamani. Kumpima mtu kwa kipimo cha mwingine ni dhulma ndogo, na dhulma ndogo ikirudiwa kwenye kila picha ya familia kwa vizazi viwili haiwi ndogo tena.

Lenzi nayo inaweza kupunguza. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa f/1.4 kwenye kihisi cha fremu kamili, na mtu yuko mita mbili, unene unaoonekana kwa makali ni kama sentimita 13. Ya milimita 85, kwa umbali huohuo, ni chini ya sentimita 5: jicho moja liko wazi, sikio limekwisha kupotea. Vijana wanaupenda sana ukungu huo wa nyuma, na kwa bibi harusi aliyekaa peke yake kitini unafaa. Lakini Maulidi ya Homu hayana mtu mmoja. Wanaume wanapiga magoti katika mstari, bega kwa bega, wanainama na kuinuka kwa pumzi moja, na maana yote ya ibada ile ni kwamba hakuna anayejitokeza peke yake. Nikichukua milimita 85 kwa f/1.4 nitamchomoa mmoja mstarini na wenzake nitawageuza moshi. Kwa hiyo huchukua milimita 28 na kufunga hadi f/2. Kwa mita mbili napata unene wa zaidi kidogo ya sentimita 60, unaotosha mabega ya watu watatu au wanne nikisimama mbele yao, kidogo upande. Nimepoteza nusu ya mwanga na nimekubali chenga zaidi. Naona ni malipo ya halali, kwa sababu nimewabakisha pamoja.

Kasi ya shata haiachi nafasi kubwa ya kuchagua. Tunapiga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za mirija hazipepesi kwenye picha. Kushuka hadi 1/25 kungenipa mwanga mara mbili, lakini mikono ya wapiga matari ingeyeyuka. Mwanga ninautafuta kwenye lenzi na kwenye ISO, na wakati wa mapigo nauacha kama ulivyo.

Sharti la tatu, shahidi hachungulii, ndilo lililonifanya niandike. Ilikuwa hitima, kwenye ua wa nyumba moja ya Ng'ambo. Umeme ulikatika katikati ya kisomo, ikabaki taa moja ya chaji karibu na msomaji. Kisomo hakikusimama. Nilipandisha ISO hadi 12,800, lenzi f/1.4, na ukuta wa nyuma ya ua, ambao kwa macho ulikuwa mweusi mtupu, ukajitokeza kwenye kioo cha kamera. Chini ya ukuta ule alikaa bibi mmoja, kanga imemteremka mabegani, analia. Hakuna aliyekuwa anamwona. Watu walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwake na hawakujua. Nilipopita karibu naye kubadilisha betri, alinishika mkono.

"Mwanangu, hicho chako kinaniona hapa nilipo?"

"Kinakuona, bibi."

"Basi nisitiri."

Nilirudisha pete hadi f/2.8, nikashusha ISO, na ule ukuta ukarudi kuwa usiku. Msomaji na taa yake walibaki, wenye msahafu walibaki, na bibi akabaki na kilio chake. Sikuzima kamera wala sikuifuta hitima ile. Nilirudi tu kwenye kile kilichoonekana na watu waliokuwa pale.

Qurani, katika Sura An-Naba, inauzungumzia usiku kama vazi. Nilijifunza aya hiyo madrasa nikiwa mdogo, nikaifahamu kama habari ya kulala. Siku hizi naifahamu pia kama habari ya kamera. Ikiwa usiku ni vazi ambalo Mungu amewavika watu, basi anayelifunua awe na sababu ya kumjibu aliyelivisha. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Wanazuoni wamezungumza mengi juu ya anayetega sikio mlangoni na anayechungulia dirishani. Mwenye ISO 12,800 hana haja ya dirisha. Amekaa ndani, amealikwa, amepewa chai, na bado anaweza kuchungulia.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, nami sitaki kuipita haraka. Nani amesema jicho ndilo mizani? Jicho letu usiku ni shahidi dhaifu. Huchukua kama nusu saa kulizoea giza barabara. Chembe zake zinazoona gizani hazitofautishi rangi, kwa hiyo kanga nyekundu chini ya mwezi huwa ya kijivu kwetu, na kamera ndiyo inayojua kuwa ni nyekundu. Katikati kabisa ya jicho chembe hizo hazipo, ndiyo maana nyota hafifu huonekana vizuri zaidi ukitazama pembeni yake. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, katika kitabu chake Al-Munqidh anasimulia jinsi alivyoacha kuziamini hisi: jicho huona kivuli kimesimama na kumbe kinakwenda, huona nyota ndogo kama dinari, na hesabu zinaonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Na katika Mishkat al-Anwar, kitabu alichokijenga juu ya aya ya 35 ya Sura An-Nur, anahesabu kasoro za jicho moja baada ya nyingine, mojawapo ikiwa kwamba linaona vitu vingine na halijioni lenyewe. Kama hivyo ndivyo, kwa nini nisiiamini kamera iliyo imara zaidi? Mwanga wa mwezi si mwingine ila mwanga wa jua uliorudishwa. Ukiukusanya wa kutosha, mbingu ya usiku hutoka ya buluu. Pengine usiku wenyewe ni udhaifu wa macho yetu tu.

Hoja hii ni ya kweli kwa nyota. Anayetaka kuijua nyota na akusanye mwanga wake usiku kucha, kwa kioo kikubwa kadiri awezavyo, kwa kuwa nyota haina haya na haina siri iliyomwaminia mtu. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitabu cha Maono huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Jicho halirushi miale ya kwenda kuvishika vitu. Mimi huliongezea hilo maana isiyo yake, ya kwangu mwenyewe: kuona ni kupokea. Kinachoonekana ndicho kinachotoa. Sasa nyota hutoa bila kujua. Mtu aliyekaa gizani amechagua asitoe, au ameamini kwamba hatoi. Ukweli kuhusu mtu una sehemu mbili, hali yake na idhini yake, na kipimo cha mwanga kinajua sehemu moja tu. Kwa hiyo kamera inaweza kuwa sahihi kuhusu kanga nyekundu na bado ikawa haijasema kweli kuhusu yule bibi, ambaye usiku ule alikuwa mtu aliyesitirika.

Huu ndio mpaka ninaouchora. Ninapopiga kitu, uwezo wote wa kamera ni wangu kuutumia. Ninapopiga watu, jicho lao ndilo kiwango, kwa sababu ndilo walilolitegemea walipochagua mahali pa kukaa. Kila mtu katika ua ule alipima giza kwa macho yake kabla ya kukaa. Aliyetaka kuonekana alisogea kwenye taa. Aliyetaka kupumzika na macho ya watu alisogea ukutani. Hayo ni maamuzi ya ekspoja yaliyofanywa na watu wenyewe kabla sijafungua begi, nami sina mamlaka ya kuyatengua.

Kwa hiyo vijana wangu nawafundisha utaratibu huu. Fikeni mapema. Kaeni bila kamera mpaka macho yazoee. Tazameni nani yuko kwenye mwanga na nani amejiweka pembeni. Kisha chagueni lenzi kwa idadi ya watu wanaopaswa kubaki pamoja, pimeni uso mweusi kuliko wote kati ya wale walio kwenye mwanga, na pandisheni ISO hadi hapo bila woga wa chenga. Zaidi ya hapo msipande, hata kama kamera inaweza.

Viwanda vitaendelea kuongeza namba. Itakuja kamera itakayouona ua wenye giza kama mchana, nayo itauzwa kwa bei ambayo kila mpiga harusi ataimudu. Namba hizo hazibadilishi masharti ya shahidi. Tangu hitima ile, ninapoandikiana mkataba na familia huweka kifungu kinachosema kuwa waliokaa nje ya mwanga hawatatolewa gizani, wakati wa kupiga wala wakati wa kuhariri. Mara ya kwanza watu huuliza maana yake. Nikiwaeleza, mara nyingi mama wa nyumba ndiye wa kwanza kutia saini.